Kufunga taa na swichi Bukavu: fanya kazi siku umeme upo

Hapa Bukavu watu wengi hungoja umeme ukatike ndipo wapande juu ya meza kubadilisha duyi, kile kishikizo cha balbu. Hesabu yao inaeleweka: umeme haupo, waya umelala, niogope nini? Cha kuogopa ni kurudi kwake. Chupa za plastiki na takataka zinazoelea kutoka Ziwa Kivu zikiziba bwawa la Ruzizi linalotuzalishia umeme, mitaa inaingia gizani. Zikishazolewa, taa zinawaka toka Nguba hadi Panzi, na hakuna aliyeambiwa kwamba wewe bado umeshika shaba kwa vidole. Umeme wa kwetu ukirudi haupigi hodi.

Kwa hiyo tuanze kinyume cha mazoea. Kazi ya taa ifanye mchana, siku umeme upo, halafu uzime wewe mwenyewe kwenye dijonkta, ile swichi ya kinga inayojikata mzigo ukizidi. Sababu ni moja: umeme ukiwepo ndipo unaweza kuthibitisha kwamba umezima. Ukiwa umekatika mji mzima, testeri, kile kipimo kinachowaka kikigusa waya wenye umeme, haitawaka popote, na hutajua kama ni kwa kuwa umeshusha dijonkta sahihi, au testeri imekufa, au ni delestaji tu, yaani mgao wa umeme.

Ninachoeleza hapa ni kazi ndogo: taa moja na swichi moja, ndani ya nyumba yenye konteri (mita ya umeme) na boksi la dijonkta. Kuanzia konteri kurudi nyuma hadi kwenye nguzo si kazi yako wala si kazi ya kijana wa mtaani, hata akiwa hodari namna gani. Huko hakuna dijonkta yako ya kukulinda. Na kama nyumba yako inapata umeme kwa waya uliovutwa kutoka kwa jirani, kama ilivyo kwenye parseli (viwanja) nyingi za Kadutu, basi usiguse kitu kabla hujapajua mahali waya huo unapoanzia na namna ya kuukata huko huko. Taa ingoje kwanza: pesa ya mwanzo nunua dijonkta ya ampea 10 ya kuweka mlangoni pa nyumba yako.

Vifaa, na jinsi ya kutodanganywa

Kwa taa, waya ni wa milimita mraba 1.5. Kwa prizi, yaani soketi ya ukutani, ni 2.5. Watu huuliza kwa nini 1.5 wakati ampuli (balbu) ya LED inakula wati 9 tu, na kweli, ampuli kumi za namna hiyo ni wati 90, hata waya wa redio ungezibeba. Lakini wewe na mimi tunajua yatakayotokea. Siku moja mtu atanunua ile duyi yenye matundu ya prizi ubavuni, aichomeke pasi, au resho (jiko la umeme) ya wati 1,000. Waya mwembamba uliofichwa nyuma ya mbao ndipo unapoanza kuiva. Dijonkta ya ampea 10 kwa volti 220 inaruhusu wati 2,200, na waya wa 1.5 unauvumilia mzigo huo bila kupata joto la hatari. Usiweke dijonkta ya 20 au 32 kwenye mstari wa taa eti kwa sababu ile ya 10 "inaanguka-anguka". Ikianguka inakueleza kitu.

Dukani usiulize bei tu. Omba kipande cha mwisho cha rola, chuna ganda, kisha kwaruza shaba kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Mrudishie mwenyewe kwa adabu. Alumini hiyo hupitisha umeme kidogo kuliko shaba, hulegea chini ya skrubu, na ukiikunja-kunja mara chache inakatika. Waya mgumu wa 1.5 ulio wa kweli una kipenyo cha karibu milimita 1.4. Ukiweza, beba kipande cha waya unaoujua ni mzuri ukavilinganishe mkononi. Ganda nene linaweza kuficha shaba nyembamba sana.

Vingine: bisibisi yenye mpini wa plastiki, koleo, kisu, testeri, multimita (kipimo cha umeme chenye namba) kama unaweza kuipata, domino (viunganishi vya skrubu), bwati (kisanduku) ya kuunganishia, tibi (mabomba) za plastiki za milimita 16 na vishikizo vyake. Skochi (utepe wa gundi) iwepo, lakini skochi si kiungo. Nitarudi hapo.

Rangi nazo zina mtego wake. Kwa utaratibu wa Ulaya, ambao mafundi wetu wengi wamefundishwa, samawati ni netre (waya wa kurudisha umeme), kijani-na-njano ni tere (waya wa ardhini), na fazi (waya unaoleta umeme) ni kahawia, nyeusi au nyekundu. Lakini sokoni waya unaonunuliwa zaidi ni ule wa nyuzi mbili, nyekundu na nyeusi, na hapo mafundi huifanya nyeusi kuwa netre. Basi nyumba moja nyeusi ni fazi, nyumba ya pili nyeusi ni netre, na nyumba iliyopita mikononi mwa mafundi watatu ina yote mawili. Rangi ikupe dokezo. Hukumu ni ya kipimo. Kijani-na-njano peke yake haina mjadala: isitumike kamwe kwa fazi, hata kama ndicho kipande kilichobaki.

Njia ya umeme

Ichore kwenye karatasi kabla ya kukata waya wowote. Fazi inatoka kwenye dijonkta na kuingia swichini. Kwenye swichi unatoka waya mwingine, retuu, unaokwenda hadi kwenye duyi. Netre haipiti swichini kabisa. Inatoka boksi na kwenda duyi moja kwa moja. Tere inafungwa kwenye mwili wa taa kama mwili huo ni wa chuma.

Kosa ninaloliona kuliko mengine yote ni swichi iliyowekwa kwenye netre. Taa inawaka vizuri, inazima vizuri, mwenye nyumba analipa na kushukuru. Lakini swichi ikiwa imezimwa, fazi bado imekaa ndani ya duyi ikingoja. Usiku ampuli inaungua, mama anazima swichi, anapanda kiti, anaingiza vidole kusokota ampuli mpya. Amefanya kila kitu sawa, na bado anapigwa.

Kwa duyi za kusokota kuna jambo la ziada: retuu ifungwe kwenye kile kidole cha katikati, chini kabisa, na netre kwenye ukuta wa nyuzi za skrubu. Ukivigeuza, ule mkanda wa chuma wa ampuli unaokaribia vidole wakati wa kusokota ndio unakuwa na fazi. Duyi za kubana na kuzungusha, zenye vidole viwili, hazina tofauti hiyo.

Hatua kwa hatua

1. Washa taa yoyote iliyo kwenye mstari utakaoufanyia kazi, ili uione ikizimika. Shusha dijonkta ya mstari huo. Kama boksi halina maandishi, na mengi hayana, shusha ile kubwa ya nyumba nzima. Kama una jenereta, betri ya sola au invata (mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani), nayo izimwe na kuchomolewa. Invata hasa ni mjanja, kwa sababu ukikata umeme wa mji yenyewe hudhani ni delestaji na kuanza kulisha nyumba.

2. Zuia mtu asiiwashe. Funga boksi kwa ufunguo kama lina kitasa, au bandika skochi juu ya dijonkta na karatasi iliyoandikwa "MTU ANAFANYA KAZI". Kisha waambie watu wa nyumbani kwa mdomo, watoto pia. Mazungumzo kama haya nimeyasikia mara nyingi mno:

"Mama, nani amepandisha dijonkta?"

"Si ni mimi, papa. Friji ilikuwa imezima."

3. Pima. Gusa kwanza testeri mahali unapojua pana umeme, kama prizi ya mstari mwingine. Kama umelazimika kuzima nyumba nzima, fanya hivyo kabla ya kuzima. Testeri ikiwaka, nenda kwenye waya unaotaka kuushika: fazi, retuu, netre, zote. Kisha rudi tena mahali penye umeme, na kama ulizima nyumba yote, prizi ya jirani inatosha, uhakikishe testeri haikufia njiani. Ile bisibisi yenye taa ndogo ndani inahitaji mwili wako ili iwake. Ukiwa umesimama juu ya meza kavu ya mbao na viatu vya mpira, inaweza kukaa kimya hata kwenye waya wenye volti 220. Na mchana mwanga wake hauonekani vizuri, ufunike kwa kiganja. Ndiyo maana napenda multimita: iweke kwenye volti za AC, ncha moja kwenye fazi, nyingine kwenye netre, kisha fazi na tere. Unatafuta sifuri.

4. Pitisha waya ndani ya tibi, kutoka bwati hadi swichini, na kutoka bwati hadi kwenye duyi. Acha urefu wa sentimita 15 hivi kila mwisho. Waya mfupi ni adhabu kwa fundi atakayekuja baada yako. Swichi ikae mita 1.1 au 1.2 kutoka chini, upande wa kitasa cha mlango, si nyuma ya mlango.

5. Chuna ganda milimita 8 hadi 10, si zaidi. Usikate kwa kuzungusha kisu moja kwa moja mpaka shaba. Alama ya kisu ndipo waya utakapokatikia. Ingiza, kaza skrubu, halafu vuta kila waya mmoja mmoja kwa nguvu ya kawaida. Ukitoka, ungetoka tu siku moja. Ukiona shaba tupu nje ya domino, toa upunguze.

6. Viungo vyote vikae ndani ya bwati yenye kifuniko, kwa domino. Kusokota nyuzi mbili na kuzungushia skochi ndiyo desturi ya mji huu, najua. Lakini skochi haikazi. Kiungo kinalegea, kinapata joto, gundi inayeyuka, na baada ya miezi umebaki na shaba tupu iliyovaa utepe. Juu ya ukuta wa tofali labda utapata harufu tu. Nyuma ya ubao mkavu wa nyumba za mtaa wa Nyamugo ni habari nyingine.

7. Kwa taa inayoning'inia, piga fundo la waya ndani ya kifuniko cha duyi kabla ya kufunga skrubu, ili uzito ubebwe na fundo. Swichini: fazi kwenye tundu lililoandikwa L, retuu kwenye lile la pili. Duyini kama nilivyosema.

8. Kabla ya kurudisha umeme, toa ampuli, weka swichi kwenye kuwasha, na kwa multimita iliyowekwa kwenye kipimo cha mlio, kinacholia nyaya mbili zikiwa zimegusana, pima kati ya retuu na netre. Ikilia, umegusanisha mahali, tafuta. Ikinyamaza, funika kila kitu, rudisha ampuli, shuka mezani, ndipo upandishe dijonkta.

9. Kipimo cha mwisho ndicho wanachokiruka wengi. Zima swichi, toa ampuli, gusa kidole cha katikati cha duyi kwa testeri. Isiwake. Ikiwaka kwa nguvu, swichi imekata netre. Zima tena kwenye dijonkta ugeuze. Mwanga hafifu mno unaweza kutokana na nyaya mbili ndefu zinazolala pamoja ndani ya tibi, multimita itakuamulia.

Mbao na mabati

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitabu vya ufundi vimeandikwa kwa nyumba za zege, na nusu ya nyumba ninazoingia ni mbao na bati.

Tazama mahali waya unapoingilia. Mara nyingi tundu kwenye bati limepigwa kwa msumari na jiwe, na ukingo wake umejikunja ndani kama meno. Waya umepita hapo mtupu. Upepo wa jioni kutoka ziwani unautikisa, kila siku kidogo, mpaka ganda linaisha na fazi inagusa bati. Hakuna kinachozimika, kwa sababu bati limekaa juu ya mbao kavu na umeme hauna pa kwenda. Taa inaendelea kuwaka. Halafu mvua ya Novemba inalowesha mbao, na kwenye lile bati mtu alikuwa amefunga waya wa kuanikia nguo.

Dawa ni rahisi kuliko madhara: waya usipite kamwe kwenye bati bila tibi, na tibi ipite chini ya ukingo wa paa ikipinda kuelekea chini, maji yasiifuate hadi ndani. Tundu la ubaoni lilainishwe. Waya usipigiliwe msumari uliopindwa. Tumia vishikizo vya plastiki vya saizi yake. Na duyi isikae moja kwa moja juu ya tripleksi (mbao nyembamba za plaiwudi) ya dari, hasa kama bado mnatumia ampuli za kizamani za wati 60 au 100, ambazo karibu nguvu zake zote hugeuka joto. Weka kitako cha porselini au plastiki nene katikati, au hamia LED uache kuhangaika. Kwenye vichochoro ambako ubao wa nyumba yako unagusa ubao wa jirani na gari la kuzima moto halina njia, moto wa kiungo kimoja haubaki wa mtu mmoja.

Bafuni na nje si mahali pa duyi tupu. Bafuni swichi ikae nje ya mlango, na taa iwe ya kufungika, yenye alama IP44 au zaidi, namba inayoonyesha jinsi taa inavyozuia vumbi na maji. Nje inakonyeshewa, IP65. Mvua zetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, kwa hiyo taa ya nje ya bei rahisi huharibika kabla hujasahau bei yake.

Tere na diferensiali

Taa yenye mwili wa chuma inataka tere ya kweli: fimbo ya shaba au ya chuma kilichopakwa shaba, ya mita 1.5 au 2, imepigiliwa kwenye udongo unaobaki na unyevu. Udongo mwekundu wa vilima vya Bukavu huikubali vizuri. Wenzetu wa Goma waliojenga juu ya mawe ya volkeno wana shida zaidi, kwa sababu jiwe kavu halipokei umeme na fimbo yenyewe haiingii. Bomba la maji lisifanywe tere. Mengi siku hizi ni plastiki. Kama nyumba haina tere, usinunue taa ya chuma hata kama inapendeza. Chagua ya plastiki yenye alama ya mraba ndani ya mraba, hiyo haihitaji.

Ukibaki na pesa ya kitu kimoja tu, iwe dijonkta diferensiali ya miliampea 30. Inalinganisha umeme unaotoka kwa fazi na unaorudi kwa netre. Ukipungua njiani kwa kupitia mwili wa mtu kwenda ardhini, inakata kabla moyo haujavurugika. Haikulindi ukishika fazi kwa mkono mmoja na netre kwa mwingine, maana hapo haioni pungufu lolote. Bonyeza kitufe chake cha T mara moja kwa mwezi. Isipoanguka, ibadilishwe.

Mtu akipigwa na akabaki amenata, usimshike. Shusha dijonkta kubwa. Ikiwa mbali, msukume kwa ubao mkavu. Akiwa hapumui wala haitikii, mwite mtu wa kukusaidia na uanze kubonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, mpaka mpate gari la kumpeleka hospitali. Hata aliyeinuka mwenyewe aende akapimwe moyo. Na moto wa umeme usimwagiwe maji. Kata umeme kwanza, kisha mchanga.

Dalili za kuita fundi

Swichi yenye joto. Mlio kama wa mafuta ya kukaanga. Harufu ya samaki ambapo hakuna aliyepika samaki: hiyo mara nyingi ni plastiki ya swichi au duyi inayoungua polepole. Ampuli ya LED inayobaki na mwanga hafifu usiku ikiwa imezimwa si mizimu. Mara nyingi swichi yako ina kitaa kidogo ndani, au imekata netre, na hiyo ya pili umeshajua kuipima.

Iko dalili moja isiyosubiri hata kesho. Ghafla taa zinawaka kupita kiasi, au za upande mmoja zinang'aa na za upande mwingine zinafifia. Netre imelegea au imekatika mahali, pengine nguzoni, na volti zinazoingia kwako zinaweza kuelekea karibu 380 badala ya 220. Usikimbilie televisheni. Kimbilia dijonkta kubwa, ishushe, piga kelele kwa majirani nao washushe, kisha piga simu kwa kampuni inayowauzia umeme. Usiipandishe tena mpaka mtu wao apime mbele yako na uone namba kwenye multimita.